Ugoko wa Baba

Ta. Ta-ta. Ta. Ta-ta.

Nilizisikia hatua hizo nikiwa bado nimefumba macho. Zilikuwa zikipanda ngazi za jengo letu polepole, na alfajiri ilikuwa haijafika dirishani. Mguu wa kulia ulitua kwa uzito wake wote, kama mwenye nyumba anayerudi kwake. Wa kushoto uligusa saruji tu ukaondoka, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Mimi hutunga mashairi, nimejifundisha bila mwalimu, na sikio langu halivumilii mstari uliopungukiwa na mizani. Mstari uliokuwa ukipanda zile ngazi ulikuwa umepungukiwa.

Nilijua ni nani.

Ufunguo ulipozunguka mlangoni, hatua zikabadilika. Zikawa sawa, ta, ta, ta, ta, za mtu mzima wa afya. Baba alikuwa amekumbuka kwamba ndani kuna masikio.

"Umeamka?" akaniuliza. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho.

"Nimeamka. Mguu vipi?"

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Upo pale pale nilipouacha jana, chini ya goti." Akacheka, akaingia bafuni, akafungua bomba mpaka mwisho. Maji yalimwagika kwa kishindo. Mtu anayenawa uso hahitaji maji yote yale. Anayeyahitaji ni mtu anayetaka kuguna asisikike.

Nikaenda jikoni. Mama alikuwa amesimama mbele ya sufuria, kijiko mkononi, hakorogi kitu.

"Umesikia?" nikamnong'oneza.

"Nimesikia tangu huko chini. Miaka yote hii namsikiliza baba yako akipanda ngazi. Najua akija na furaha, najua akija amegombana na mtu. Namna hii hajawahi kuja." Akaweka kijiko chini. "Mwambie wewe. Mimi nikimwambia ananiita kocha."

Baba ni kinyozi. Ana duka dogo barabarani, vioo viwili, viti viwili vya kuzunguka. Kimoja chake, kingine changu. Alipovuka miaka sitini daktari alimpima presha, akatikisa kichwa, akamwambia atembee. Akatembea kwa muda, akaona kutembea ni kazi ya watu wasio na haraka, akaanza kukimbia. Akajiunga na kikundi cha wakimbiaji wa mtaani, vijana watupu, akawa anawaacha kwenye mlima. Wateja wakampa jina la Mzee Gia. Jina likampanda kichwani. Ndipo siku moja, wembe mkononi, akatangaza mbele ya duka zima kwamba atakimbia marathoni, yote, mpaka utepe wa mwisho. Sasa mbio zilikuwa zimekaribia, na alfajiri hiyo alikuwa amerudi na mguu mmoja na nusu.

Nilikuwa na hofu, ila mimi hofu yangu haijui kuja uchi. Huja imevaa hasira.

*

Dukani siku hiyo niliona jambo la pili, na hilo lilinitisha kuliko zile hatua.

Kinyozi humzunguka mteja. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mteja anakaa, wewe unatembea: sikio hili, kisogo, sikio lile, unarudi mbele. Baba ndiye aliyenifundisha hivyo nikiwa mdogo. "Ukikizungusha kiti ovyo," alikuwa akisema, "unamfanya mtu mzima bembea." Siku hiyo nilimwona kwenye kioo changu amesimama mahali pamoja, uzito wote kwenye mguu wa kulia, akikizungusha kiti kwa kidole.

Aliyekuwa kwenye kiti ni muuza nyama wa jirani, mtu mwenye shingo nene na mdomo mwepesi.

"Mzee Gia, leo unanizungusha kama feni. Nikitapika usinilaumu."

"Kaa kimya, nisije nikakukata sikio."

"Likate, nitaliuza. Lakini niambie, hizo mbio umeziandaa vipi? Maana wahenga walishasema, mbio za sakafuni huishia ukingoni."

"Wahenga hawakuwa na viatu vizuri," Baba akajibu, na watu kwenye benchi wakacheka.

"Viatu! Mimi kazi yangu ni mifupa, mzee. Ng'ombe kijana, mfupa wake unaupiga shoka mpaka mkono unauma. Ng'ombe mzee..." Akapiga ulimi, *tak*. "Pigo moja."

Watu wakacheka tena. Baba naye alicheka. Mimi ile *tak* iliniingia kwenye meno.

Mteja alipoondoka, Baba akaketi kwenye kile kiti, akapandisha suruali, akachukua mashine ya kukandia. Ni mashine ndogo inayovaliwa mgongoni mwa mkono. Ukiiwasha vidole vinatetemeka, na mteja aliyenyolewa hukandwa nayo mabega na utosi mpaka asinzie. Baba akaiwasha, akaiweka kwenye ugoko wa mguu wa kushoto, kati ya goti na kifundo, akafumba macho. Ikanguruma.

"Unafanya nini?"

"Nalainisha msuli."

"Hapo hakuna msuli, Baba. Hapo ni mfupa mtupu."

"Wewe ni daktari tangu lini? Nikikanda asubuhi na jioni, nakimbia bila kusikia kitu. Dawa isiyo na dozi." Akaongeza kasi ya mashine.

Hapo ndipo nilipoelewa alivyokuwa akiweza kutoka kila alfajiri. Alikuwa akiutia mguu ganzi kwa kifaa cha kazi, ukanyamaza, naye akadhani ukimya ni afya. Sidhani kuna mtu mwingine ambaye angelifanya kosa hilo, ila kinyozi anayeamini kwamba kila kilicho chini ya ngozi hulainika kikikandwa.

"Mzee, zima hiyo kitu."

Sauti ilitoka kwenye benchi. Alikuwa kijana mpole tuliyemwita Eksirei, kwa sababu kazi yake ni kupiga picha za mifupa hospitalini. Alikuwa amekunja gazeti.

"Kwani inakupigia kelele?" Baba akauliza.

"Hapana. Nioneshe panapouma. Kwa kidole kimoja."

Baba akaweka kidole. Hakutafuta. Kilikwenda moja kwa moja mahali padogo katikati ya ugoko, mahali pasipozidi ukucha wa dole gumba.

Eksirei akapaangalia. Palikuwa pamevimba kidogo, kama chini ya ngozi kumefichwa punje ya mahindi. "Haya, simama. Ruka kwa mguu huo mmoja, hapo hapo ulipo."

"Nirukeruke kama mtoto? Mbele ya wateja?"

"Kama ni mzima, tatizo liko wapi?"

Muuza nyama, aliyekuwa amerudi kuchukua kofia yake, akasimama mlangoni. "Ruka, Mzee Gia! Mtu wa marathoni anaogopa kuruka mara moja?"

Maneno hayo yalitosha. Baba akasimama, akajishika kiuno, akakunja mguu wa kulia nyuma, akaruka kwa wa kushoto.

Hakutoa sauti. Lakini alikuwa ameelekea kioo, na sisi sote tulikuwa tukimtazama humo. Uso wake ulibadilika kwa kufumba na kufumbua, midomo ikaondoka kwenye meno, macho yakawa makubwa kama ya mtu aliyesukumwa kutoka juu ya ukuta. Kisha akaushusha mguu wa kulia, akaupangusa uso kwa taulo, na ulipotoka kwenye taulo ulikuwa umerudi kuwa wa kinyozi.

Hakuna aliyecheka. Muuza nyama akaivaa kofia yake akaondoka bila kuaga.

"Huo si msuli," Eksirei akasema taratibu. "Mfupa ukichoka huanza kupasuka kidogo kidogo. Unaanza ufa mwembamba, kama unywele."

"Unywele?" Baba akachukua mashine ya kunyolea, akaitikisa. "Unywele ndio kazi yangu. Nitaunyoa."

"Mzee, sitanii. Ufa huo ukiendelea kuupigisha barabarani, siku moja mfupa unakatika mara moja, ukiwa mbioni. Na kwa umri wako, mfupa wa hapo mbele huwa mgumu kuunga. Wengine hawatembei tena sawasawa. Kesho njoo hospitali."

Nilisimama na mashine yangu ikinguruma hewani, mteja wangu akiwa amenyolewa upande mmoja. *Hawatembei tena.*

*

Baba alikwenda kupigwa picha kwa sababu Mama alivaa viatu vyake vya kutokea, akakaa mlangoni, na kusema hatoki hapo mpaka watoke wote wawili.

Alirudi akiimba.

"Safi!" Alisimama mlangoni mwa duka ameinua ile picha nyeusi juu kama bendera. "Picha haina kitu! Mfupa mweupe, umenyooka kama fimbo ya mwalimu!"

Watu wakampigia makofi. Mimi nikamvuta Mama kando.

"Daktari amesemaje?"

"Amesema picha kuwa safi si kitu," Mama akajibu. Mkoba wake aliubana kifuani kwa mikono miwili. "Amesema ufa wa namna hiyo mwanzoni hauonekani, unaonekana baadaye unapoanza kuunga, au unapokwisha kukatika. Ametaka apumzike, arudi apigwe tena. Akasema asikimbie hata hatua moja. Baba yako alisikia neno 'safi', mengine yote yakapita."

"Na tarehe ya kurudi?"

"Ameichagua mwenyewe. Baada ya mbio."

Jumapili iliyokuwa ikija, kikundi chao kilikuwa na mbio ndefu za mwisho za mazoezi, barabara ya viwandani mpaka kwenye matangi ya maji na kurudi. Wenzake walimwambia apumzike. Akawaambia atakwenda peke yake basi, kabla yao, ili asiwacheleweshe. Nilimpigia kelele nyumbani, nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi.

"Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," nikafoka. "Na mkuu asiyesikia la mdogo, je?"

"Huyo," Baba akasema akifunga kamba za viatu vyake vya dukani kwa utulivu, "huyo anazaa mtoto mwenye mdomo."

Mama akacheka bila kutaka, kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Nikamsikia anapenga kamasi.

*

Jumamosi jioni, wateja wakishakwisha, mimi humnyoa Baba ndevu. Ni desturi yetu tangu mkono wangu ulipokomaa. Na duka letu lina sheria moja tu, aliyoiweka yeye mwenyewe: aliye chini ya wembe hasemi. Hasemi, hacheki, habishi, hata angetukanwa. Wembe ukiwa shingoni, ulimi unalala. Nimewahi kuona wanasiasa wawili wakivumiliana pale kwa sababu ya sheria hiyo.

Nikampaka povu. Nikainamisha kiti. Nikanoa wembe kwenye mkanda, nikauweka chini ya taya lake, upande wa kushoto, pale mshipa unapopiga.

"Sasa utanisikiliza," nikasema.

Macho yake yakafunguka. Yalinitazama kutoka chini. Alijua papo hapo nilichofanya, na alijua sheria ni yake.

"Nimekuona ukizungusha kiti. Nimekusikia kwenye ngazi. Najua kwa nini unafungua bomba lote. Unadhani mimi nakasirika kwa sababu hunisikii? Mimi naogopa, Baba. Ukitoka alfajiri silali tena. Nabaki kitandani nikisikiliza barabara. Kila gari linalopita nadhani limekuleta. Kila simu ya jirani ikilia nadhani wanataka kuniambia uko mahali fulani umelala, mguu umeangalia kusikotakiwa. Yule muuza nyama alipopiga ulimi, niliusikia mfupa wako. Mpaka leo nausikia."

Nilikuwa nikimnyoa huku nikisema. Povu likitoka na ndevu nyeupe. Koromeo lake lilipanda, likashuka chini ya ncha ya wembe. Nikauondoa wembe haraka. Kama ningeuacha hapo, ningemkata.

"Utepe wa mwisho ni kipande cha nguo," nikamalizia. "Hakuna anayeutaka isipokuwa wewe."

Nikapangusa uso wake kwa taulo. Sheria ikaisha. Nilingoja aanze kufoka. Hakufoka. Alibaki ameinamishwa vile vile, akitazama dari.

"Babu yako alikuwa fundi wa mabati," akasema. "Akipanda juu ya nyumba kama paka. Akiwa na umri huu wangu alianguka, si kutoka juu, hapo hapo uwanjani, alijikwaa. Nyonga. Wakamwambia kaa upumzike. Tukamwekea kiti kibarazani, kiti kizuri, chenye mto. Akakaa. Wiki ya kwanza alikuwa akitukana, akitaka fimbo. Baadaye akaacha kutukana. Tukasema afadhali, ametulia. Akakaa mpaka miguu ikawa kama vijiti vya mwavuli. Siku tuliyomwinua kutoka kwenye kile kiti tulimwinua kwa ajili ya kumwosha."

Nje mtu alikuwa akishusha mlango wa bati wa duka la pili, ukikwaruza mpaka chini.

"Hakufa kwa nyonga, mwanangu. Alikufa kwa kiti. Mimi nilikuwa napita hapo kila siku nikienda kazini, namsalimu, naondoka. Kwa hiyo usiniambie kuhusu utepe. Sikimbilii utepe mimi. Kuna kitu kiko nyuma yangu, na kila ninapopunguza mwendo nakisikia kinavutwa sakafuni."

Nilikuwa nimejiandaa kupigana na kiburi, nikakuta ni hofu, tena kubwa kuliko yangu na kongwe kuliko mimi.

"Kesho nakwenda nusu tu," akasema akiinuka. "Nusu, narudi."

"Nakuja na wewe."

"Utaweza?"

"Kwa baiskeli."

"Ehee," akasema, na kidogo akatabasamu. "Nilidhani umekuwa mwanamume."

*

Ukungu ulikuwa mzito. Barabara ya viwandani Jumapili haina mtu. Mageti yamefungwa, kuta ndefu, taa chache zinazowaka bila faida. Baba alikuwa mbele yangu, nami nyuma yake kidogo kwa baiskeli ya fundi bomba wa jengo letu, yenye keria pana ya kubebea mabomba. Sikuwa nikitazama barabara. Nilikuwa nikitazama soksi yake ya kushoto.

Mwanzoni alikwenda vizuri. Alikuwa ameukanda ule mguu kabla ya kutoka. Nilisikia ile mashine ya dukani ikinguruma chumbani. Nikaanza kujiambia labda picha ilikuwa kweli, labda daktari hupenda kuwatisha watu. Hofu ikilegea kidogo tu mtu huanza kutunga uongo mzuri.

Tulipopita kiwanda cha matofali, ganzi ikaanza kumtoka. Niliona bega la kulia likishuka kila hatua. Kisha nikasikia pumzi. Ilikuwa ikitoka kwa kukatwa, hh, hh, kila mguu wa kushoto ulipogusa lami.

"Baba, hapa ndipo nusu."

"Bado."

"Hapa ndipo, Baba! Geuka!"

"Mpaka kwenye tangi."

"Ulisema nusu!"

Akaongeza mwendo. Wallahi aliongeza mwendo, mzee wa watu, kama mtu aliyesikia kitu kikimjia nyuma. Nikakanyaga pedali nimpite, nimzibe njia, na hapo, kabla sijamfikia, akasimama.

Hakuanguka. Alisimama ghafla kwenye ukingo wa barabara, mguu wa kushoto ukining'inia hewani, mkono mmoja ukiwa umeushika ukuta wa kiwanda. Akabaki hivyo, kama korongo.

Nikaitupa baiskeli. "Umekatika?"

"Sijui."

"Umesikia kitu?"

"Sijui. Kumepita moto, kutoka hapa mpaka gotini. Usiuguse!" Nilikuwa sijaugusa hata kidogo. "Usiuguse, tafadhali."

Baba alikuwa hajawahi kuniambia tafadhali.

Nikapiga magoti kwenye lami yenye umande, nikautazama ule mguu kwa macho tu. Ulikuwa umenyooka. Ngozi ilikuwa nzima. Ile punje ya mahindi ilikuwa imekuwa nusu ya yai. Vidole ndani ya kiatu, nikamwambia avichezeshe, kiatu kikacheza. Basi haujakatika, nikajiambia, au haujakatika wote. Lakini unaweza kukatika sasa hivi, akiukanyaga mara moja, akiteleza, akichoka kusimama.

Na alikuwa akichoka. Goti la kulia lilikuwa limeanza kutetema. Jasho lilimtiririka kwenye mashavu niliyoyanyoa jana. Nikatazama barabara mbele na nyuma: ukungu, ukuta, ukungu. Nikampigia Eksirei simu. Akapokea kwa sauti ya usingizi, kisha usingizi ukamtoka. Akasema, "Asiukanyage kabisa. Kabisa, umenisikia? Mkalishe chini mguu unyooke, mimi natafuta gari, nakuja."

Karibu na sisi kulikuwa na jiwe la mpaka, limesawazishwa juu, urefu wa kiti.

"Kaa hapa, Baba. Nitakushika, uruke hatua moja tu kwa huo mzima."

"Sikai."

"Gari linakuja. Kaa tu mpaka lifike."

"Nimekwambia sikai! Nitasimama."

"Huwezi kusimama! Tazama goti lako!"

"Nitasimama mpaka lije." Kucha zake zilikuwa zimekwaruza chokaa ya ukuta, mkono wote ulikuwa mweupe. "Nikikaa hapo, kijana, ndio basi. Nakifahamu hicho kiti. Wataniwekea mto."

Nilitaka kufoka. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, makali, mazuri, yenye vina. Nikamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza bila kioo niliuona ule uso aliouficha kwenye taulo. Macho makubwa. Midomo mikavu. Alikuwa mtoto wa fundi mabati, amesimama kibarazani, na kuna mtu kwenye kiti asiyetukana tena.

Goti la kulia likakunjika. Nikamdaka chini ya kwapa kabla mguu wa kushoto haujagusa. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na moyo wake ulinipiga kifuani kupitia fulana zetu mbili zilizolowa. Nikambana. Tukabaki hivyo tumekumbatiana ukutani, mimi nikitetemeka, yeye akitetemeka, na sikuweza kujua tetemeko lipi ni la nani.

"Naogopa," akasema begani kwangu. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Na mimi naogopa."

"Nisaidie basi."

"Nisikilize, Baba." Sikuinua sauti, mdomo wangu ulikuwa sikioni kwake. "Babu alikaa kwa sababu kila mtu alimsalimu akapita. Mimi sitapita. Utakaa leo, na utakaa wakikufunga plasta, na utanitukana, na siku utakayoacha kunitukana nitajua, na siku hiyo hiyo nitakuinua kwa nguvu. Daktari akisema simama kwa magongo, nitakuwa chini ya kwapa lako hivi nilivyo sasa. Tutakwenda mpaka mlangoni, kesho yake mpaka kwenye ngazi, kesho yake mpaka chini. Ukikataa nitakubeba, majirani wacheke wanavyotaka. Kaa, Baba. Naahidi mbele ya Mungu anayetusikia: wewe hutafia kwenye kiti. Nitakuinua kila siku, kwa mikono yangu hii, mpaka utakaponiambia mwenyewe, niache, naweza."